Amplifaya ya Gari Ikizima, Anzia Nje

Sabufa imenyamaza, na jirani anayejua kila kitu keshakwambia amplifaya imeungua, ununue nyingine. Usimsikilize bado. Hitilafu nyingi za muziki wa gari ziko nje ya lile gamba la alumini, kwenye nyaya, fyuzi na spika. Na hata ile iliyoungua kweli, mara nyingi kuna kitu cha nje kilichoiunguza. Ukiitengeneza na kuirudisha pale pale bila kukishughulikia, itaungua tena na fundi atalaumiwa bure.

Chukua mita ya kupimia umeme. Pembeni mwa amplifaya kuna vishikio vitatu vya umeme, vimeandikwa B+, GND na REM. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye GND na nyekundu kwenye B+. Injini ikiwa imezimwa utasoma volti 12 na ushei. Ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Kama hakuna kitu, nenda kwenye fyuzi iliyo karibu na betri. Kisha hamishia ncha nyekundu kwenye REM huku redio imewashwa. Hapo pia zinatakiwa volti karibu 12, kwa kuwa kiwaya hicho chembamba ndicho kinachoiamsha amplifaya. Ukikuta sifuri, gusisha B+ na REM kwa kipande cha waya. Ikiwaka, hitilafu iko kwenye redio au kwenye kiwaya hicho.

Waya wa bodi, ule unaotoka GND, ndio unaosahauliwa kuliko zote. Unakuta umekazwa juu ya rangi, au umeshikana na kutu, na amplifaya inacheza vizuri hadi besi ipige, kisha inazima. Upime hivi: muziki ukiwa juu, ncha moja ya mita iguse GND na nyingine nguzo hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au haukushika. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, ufupishe waya, ukaze kwa bolti yake yenyewe, si ile ya mkanda wa usalama. Tazama na waya wenyewe. Madukani kuna nyaya zenye plastiki nene na shaba kiduchu ndani, na nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ujue umeuziwa alumini.

Taa nyekundu ya ulinzi nayo haimaanishi kifo. Zima, chomoa nyaya zote za spika na zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, acha tatu za umeme tu, kisha washa. Nyekundu ikiondoka, kosa liko kwenye ulivyovichomoa. Virudishe kimoja kimoja. Pima kila spika kwa omu: ya omu 4 husoma kama 3 na nusu. Ikisoma karibu na sifuri, koili au waya umeshika shoti. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Hesabu na mzigo wenyewe. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba hubaki omu 2, nne hubaki omu 1. Chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja, kila chaneli hubeba nusu tu ya omu hizo. Kwa maoni yangu, tamaa ya kuongeza sabufa ya tatu na ya nne imeua amplifaya nyingi kuliko joto.

Kwenye mabasi na malori kuna balaa jingine. Mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana, ilhali amplifaya ni ya volti 12. Ukiiunga moja kwa moja, imekwenda. Wengine huchota kwenye betri moja tu, na muziki hucheza kweli. Lakini betri hiyo hudhoofika kila siku, mwenzake hupata chaji kupita kiasi, na mwishowe zote mbili huharibika. Dawa ni kigeuzi cha volti 24 kwenda 12 chenye ampia za kutosha.

Fyuzi ikikatika papo hapo hata spika zikiwa zimechomolewa, sasa fungua amplifaya. Usibandike karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi, wala usiweke kubwa zaidi. Huo ni mlango wa moto. Toa waya hasi wa betri na usubiri kapasita zipungue chaji. Ndani utaona koili ya duara iliyozungushiwa shaba nene. Kando yake zimepangwa transista zinazogeuza volti 12 kuwa kubwa zaidi, mara nyingi IRFZ44N au IRF3205, zikiendeshwa na saketi kama TL494. Hizi ndizo huungua sana. Ipime kila moja miguuni; ile inayosoma sifuri kati ya mguu wa kati na wa tatu ing'oe, kisha pima tena, maana zimeungwa sambamba na moja huzisingizia nyingine. Badilisha kundi zima kwa aina moja, kwa kuwa zilizobaki zimekwisha kuteseka. Pima na rezista ndogo za kwenye mguu wa kwanza. Bandia ni nyingi, kwa hiyo bei ikiwa ya kushangaza, acha.

Kabla ya kuwasha, rudisha vipande vya kutenganisha umeme na uzibane transista kwenye gamba, maana bila gamba hupata moto kwa sekunde chache. Mahali pa fyuzi unga balbu ya taa ya mbele ya volti 12. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ingalipo. Ikimweka kisha ikafifia, pima volti za moja kwa moja kwenye vishikio vya spika. Inatakiwa karibu sifuri. Volti kadhaa zitaunguza koili ya sabufa yako. Zikiwa sawa, rudisha fyuzi ya ukubwa ulioandikwa, na uijaribu kwanza na spika kuukuu usiyoionea huruma.