Joto la Mwisho wa Kaskazi: Si Kila Mwili wa Moto ni Homa

Katika wiki za mwisho za kaskazi, yaani tangu katikati ya Februari hadi masika yanaposhika, utabiri wa kila siku kwa mikoa ya pwani ya Tanzania hufanana sana: joto, vipindi vya jua, mvua na ngurumo katika maeneo machache. Msikilizaji hulisikia neno mvua akatarajia nafuu. Ni heri ayazingatie maneno mawili ya mwisho. Maeneo machache maana yake ni kwamba wingu laweza kumwagika Mbagala kwa nusu saa huku Kariakoo ikibaki kavu. Na hata huko Mbagala, jua likirudi, maji yaliyotuama hugeuka mvuke, na hewa ya alasiri huwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya mvua.

Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huwa utosini mwa mtu aliyesimama Dar es Salaam. Upepo wa kaskazi umekwisha kulegea na kusi haijaanza kuvuma, na bahari imekusanya joto la miezi kadhaa. Kipimajoto cha mchana husoma nyuzijoto 32 au 33, tarakimu isiyomtisha mtu aliyewahi kusikia habari za Khartoum. Usiku hauteremki sana chini ya 25. Tarakimu hizo hudanganya, kwa kuwa hazisemi lolote kuhusu unyevu.

Mtungi wa udongo waweza kutufafanulia jambo hili. Dodoma, mahali penye hewa kavu, maji ya mtungini huwa baridi kwa sababu maji yanayopenya udongo hukauka kwa haraka na kuondoka na joto. Mtungi uleule ukiletwa pwani mwezi Machi, maji yake hubaki vuguvugu. Ngozi ya binadamu hufuata kanuni hiyohiyo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580 za joto; jasho linalodondoka chini bila kukauka haliondoi karibu chochote. Kwa hiyo mtu aliyelowa chapachapa si mtu aliyepoa. Amepoteza maji na chumvi, na joto lingali mwilini.

Chukua mfano wa mchukuzi kijana, mgeni kutoka nyanda za juu, aliyeanza kazi ya kupakua magunia siku tatu zilizopita. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi nzito katika joto, naye hajazipata. Saa nane mchana anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, anapepesuka, anaanguka. Wenzake wanamgusa paji la uso na kukata shauri: malaria imempanda kichwani. Wanatafuta usafiri, na njiani anamezeshwa parasetamoli kwa maji.

Kila hatua hapo ina hatari yake. Katika homa, ubongo wenyewe huinua kiwango cha joto unachotaka mwili uwe nacho, na parasetamoli hukishusha kiwango hicho. Katika kiharusi cha joto, ambacho hakina uhusiano na kiharusi cha kupooza, ubongo haujainua chochote; mwili umeshindwa tu kulitoa joto. Parasetamoli haisaidii, na yaweza kuliongezea mzigo ini ambalo tayari linaumia. Maji anayonyweshwa mtu asiye na fahamu kamili yaweza kuingia mapafuni. Nayo safari ya saa nzima ndani ya gari lenye joto humaliza muda ambao matibabu yangefaa zaidi.

Dalili kuu ni mbili: joto la ndani ya mwili kupita takriban nyuzijoto 40, na akili kuvurugika, iwe kwa kuchanganyikiwa, degedege au kuzimia. Ngozi kavu si sharti. Anayefanya kazi ya sulubu mara nyingi hufika akiwa bado anatiririka jasho. Kipimo cha kwapani au cha paji la uso chaweza kusoma chini sana, hivyo inapowezekana tumia njia ya haja kubwa. Kipimajoto kisipokuwepo, usisubiri.

Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mengi mfululizo na mpepee kwa nguvu. Barafu ikiwepo iwekwe kwapani, shingoni na kwenye kinena. Kijana aliyekuwa na afya njema aweza kutumbukizwa katika pipa la maji baridi, kichwa kikiwa kimeshikwa juu. Lengo ni kushuka chini ya 39 katika muda wa nusu saa hivi, kisha upoozaji usimame asije akapitiliza.

Malaria haisahauliwi. Pima, na pima sukari ya damu pia, huku upoozaji ukiendelea. Lakini kipimo cha haraka kikiwa chanya hakifungi mjadala: chaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na wapo wakazi wa pwani wenye vimelea wasioumwa. Vilevile mvua ya jana haileti malaria ya leo. Mbu akue, vimelea vikomae ndani yake, kisha viatamie mwilini mwa binadamu. Hizo ni wiki, wala si siku.

Mzee huugua kwa namna nyingine, polepole, ndani ya chumba cha bati kisichopoa usiku, na huenda hatoi jasho lolote. Wanaomtunza waulize anatumia dawa gani. Dawa za kuongeza mkojo hupunguza maji mwilini. Amitriptilini na klopromazini huzuia jasho. Dawa hizo zisikatishwe nyumbani, bali mgonjwa apelekwe kliniki zipitiwe upya kabla joto halijafikia kilele. Aliyeelekezwa kunywa maji kidogo kwa sababu ya moyo au figo aulize huko huko kiasi kinachomfaa, asifuate ushauri wa jumla wa kunywa maji kwa wingi.

Zahanati inapompa mgonjwa rufaa, barua itaje joto lililopimwa, mahali lilipopimwa, saa upoozaji ulipoanza na joto la mwisho kabla ya kuondoka. Barua iliyoandikwa «homa kali, amepewa parasetamoli» humrudisha daktari wa hospitali mwanzo kabisa, naye ataanza na malaria.