Diplomasia Nje ya Darasa

SWALI: Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa pili, Dar es Salaam. Nina likizo ndefu ila sina fedha za kwenda Geneva wala New York. Nijifunze wapi kwa vitendo?

JIBU: Panda basi uende Arusha. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi wanachama 8, pamoja na Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Andika barua mapema kuomba kuhudhuria shauri, na usome hati zake kabla ya kwenda.

Kisha shuka Namanga, mpakani na Kenya, na huko usikimbilie kurudi. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri hukaguliwa upande anaoingia tu. Maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja. Tazama mama mwenye magunia ya maharage. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, bila ushuru wa forodha. Muulize kama anakijua, na kama hakitumii, ni kwa nini. Jibu lake litakufundisha utangamano kuliko mhadhara wowote, naamini hivyo kwa dhati.

Kila jioni andika ulichokiona kando ya kile Mkataba wa Jumuiya wa 1999 unachosema. Chukua barua ya utambulisho ya chuo, na usipige picha mpakani bila ruhusa.