Je, Hasheem Thabeet Alitimiza Kipaji Chake?

Katika mijadala yetu ya mwaka huu hakuna hoja iliyozua kelele kama hii. Wenzetu wa Homa Bay, hasa waliokulia karibu na Agoro Sare pale Oyugis, wanaujua mpira wa vikapu ndani nje, nao walishikilia kwamba jamaa aliichezea bahati. Sisi wa Migori, wengi wetu watu wa kandanda, tulimtetea. Hebu niichambue hoja hiyo polepole, bila makofi ya ukumbini.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3. Mtu si mtu, mnazi! Alikwenda kusoma Houston, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alitisha. Katika msimu wa 2008-2009 alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa kila mchezo, akizuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Hapo ndipo balaa ilipoanzia, maana kila Curry aliponyakua ubingwa, naye ameunyakua mara 4, watu walimkumbuka Thabeet. Lakini jamani, alijichagua mwenyewe?

Sasa tuje kwenye lugha. Waliompinga walisema “kipaji” huku wakimaanisha urefu. Urefu ni maumbile. Kipaji ni kile unachoweza kukifanya hata ukikutana na mrefu mwenzako. Chuoni Thabeet alitosha kusimama chini ya kikapu na kuinua mkono. Kule NBA alikuta majitu yenye nguvu na ujanja. Wakamsukuma, faulo zikamwandama, na njia za kufunga hakuwa nazo nyingi. Februari 2010 akapelekwa ligi ndogo, katika timu ya Dakota Wizards. Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa ameteuliwa juu hivyo akateremshwa huko. Alipitia timu 4 hadi 2014, michezo 224, wastani wa pointi 2.2.

Upande wetu ulijitetea kwamba alichelewa kuanza. Basi mpinzani mmoja akasimama na kumtaja Joel Embiid wa Kamerun, ambaye pia alianza akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2023 akatajwa mchezaji bora wa NBA. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Jibu langu ni kwamba Embiid alikuwa amecheza voliboli kabla, hivyo miguu na mikono ilikuwa imeshafunzwa. Kuchelewa si sababu tosha, lakini inategemea umechelewa ukiwa na nini.

Kwa hivyo uamuzi wangu ni huu: nafasi ya pili hakuitimiza, hilo tusilifiche. Lakini nafasi hiyo ilikuwa matarajio ya Memphis. Kijana wa Dar aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, kisha akaendelea Japani na Taiwan umri ukiwa umepita miaka 30, huyo siwezi kumwita mpotevu.

Nalisema hili kwa sababu tuna mwenzetu wa Kidato cha Pili anayegusa kizingiti cha mlango wa bwalo bila kuruka. Tangu muhula uliopita prepu haziendi tena, maana kila mtu, hata watu wazima, humwambia Marekani inamngoja. Juzi nilimwuliza kama anaweza kutupa kwa mkono wa kushoto. Akacheka, akasema hakuna aliyewahi kumwuliza.