Petroli ya Pikapu Yaishia Wapi?

Ndugu wafanyakazi, dereva wa pikapu ya kiwanda mjini Kampala hushukiwa upesi kuwa anauza petroli, eti kwa kuwa wa safari za mbali hatumii nyingi hivyo. Tuchunguze kwanza. Pikapu ni nzito. Kila inapoondoka, injini huchoma mafuta mengi kuipa mwendo. Ikifungwa breki, nguvu ile hugeuka joto na kupotea. Kufika kasi ya kilomita 40 kwa saa kwahitaji nguvu mara nne ya kufika 20. Tena kwenye msongamano injini hunguruma gari limesimama. Matairi yakikosa upepo, hasara huzidi, na pampu si ya dereva kununua. Twadai safari za mjini zihesabiwe peke yake kabla ya kumkata mtu mshahara.