Ndoo ya koki mlangoni: Tumeiondoa mapema

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, toka kidogo mlangoni uangalie pale palipokuwa na ndoo yenu ya kunawia mikono mwaka 2020. Je, bado ipo? Katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale ndoo ile siku hizi inawekewa unga, au koki ilivunjika na hakuna aliyehangaika nayo. Nami sijitoi. Ya kwangu niliikuta jikoni imejaa mkaa.

Tukumbushane ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Corona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake ikatangazwa kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, na vyuo vikafuata. Kidato cha sita na vyuo walirudi masomoni Juni mosi, na wengine wote Juni 29. Kwa hiyo masika yote ya mwaka ule, Ramadhani iliyoanza mwishoni mwa Aprili na Idi ya mwezi Mei, watoto walikuwa nyumbani.

Aliyekaa nyumba ya kupanga anajua maana yake. Vyumba sita, familia sita, choo kimoja, na maji ya kununua kwa dumu. Tuliambiwa tukae mbalimbali, lakini mbali wapi wakati watoto wanne wanalala godoro moja? Baba ni kibarua au ana meza yake Kariakoo, asipotoka hakuna chakula. Daladala ziliagizwa kupakia abiria waliokaa tu, hivyo akachelewa kurudi, na akifika watoto wanamkimbilia kumpokea mfuko.

Familia zikatafuta lililo ndani ya uwezo wao. Baba anavua viatu nje, ananawa, anaoga, ndipo anampakata mtoto. Shikamoo ya bibi ikawa ya mdomo bila ya mkono. Bibi mwenye kisukari akatengewa sahani na kikombe chake, na wengine walilia kwa hilo, maana mtu mzima hakuzoea kula peke yake kama mgonjwa. Katika misikiti mingine waumini walitakiwa watawadhe nyumbani na waje na miswala yao. Haya yalitaka subira, na wengi waliyaweza.

Lakini badiliko ninalotaka tulizungumze leo ni la kwenye sinia.

Kumbuka tulivyokuwa tukinawa kabla ya futari. Linaletwa bakuli moja la maji. Anaanza babu, anafuata baba, kisha wageni, kisha watoto. Kila mmoja anatumbukiza mikono katika maji yaleyale. Likimfikia mtoto wa mwisho maji yamekuwa ya kijivu, naye anatoa mikono humo na kuipeleka moja kwa moja kwenye mihogo na tambi. Kwa kweli mtoto huyo hakunawa. Alipakwa uchafu wa mikono ya watu saba, na juu yake akaambiwa "haya, Bismillahi".

Mwaka 2020 bakuli lile likaondoka, ikaja ndoo ya koki. Maji tiririka, kama tulivyozoea kuyaita. Wazee wetu wa pwani walikuwa na birika na beseni: mmoja anamimina, mwenzake ananawa, maji machafu yanabaki chini. Sijui sisi tulilipata wapi hili la bakuli.

Hapa mtu atasema: "Sisi Waislamu tunatawadha mara tano kwa siku, mikono yetu ni safi." Ndugu yangu, udhu ni ibada na una thawabu zake, lakini kwa kawaida hatutii sabuni. Mikono ina mafuta, na vimelea hunata humo. Maji peke yake hupita juu. Sabuni ndiyo inayoyabandua mafuta hayo pamoja na vimelea, kisha maji yanayotiririka yakavichukua. Sugua viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa sekunde 20 hivi. Na tusisahau kwamba Mtume (s.a.w.) alimfundisha anayeamka usingizini aoshe mikono kwanza kabla ya kuiingiza katika chombo cha maji. Maana yake ni kwamba chombo kinachotumiwa na wengi hakitumbukizwi mkono ovyo. Basi na kata ya mtungi iwe na mpini mrefu, na ukishachota itundikwe.

Wapo wanaosema kwamba baadaye wataalamu walieleza Corona husambaa zaidi kwa hewa, kwa hiyo ndoo ilikuwa kazi bure. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ndiyo maana mwenye kikohozi afunguliwe dirisha na asilale chumba kimoja na bibi ikiwezekana. Sehemu ya pili si kweli kabisa. Ndoo ile ilikuwa na kazi nyingine kubwa, nayo haikwisha Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya Corona imemalizika.

Agosti 2015, miaka mitano kabla ya Corona, kipindupindu kililipuka katika jiji hili hili, kikaanzia Kinondoni. Kikaenea mikoa mingi ya Bara na kikafika Zanzibar. Hadi Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000 na waliofariki ni mamia. Ugonjwa huu hutoka chooni na kuingia mdomoni, na mara nyingi hupandia mkononi. Bado hutokea hapa nchini, na mvua zikijaza vyoo vya mabondeni hauulizi kama tumechoka kunawa. Kuhara kwa kawaida nako kunatutesa mwaka mzima kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Asiye na uwezo wa kununua ndoo ya koki atengeneze kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo upande wa juu kwa msumari wa moto, litundike kwa mshikio kwenye mti ulazwe juu ya nguzo mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika, na hakuna anayelishika kwa mkono mchafu. Kipande cha sabuni kikiibiwa (na huibiwa), changanya pakiti ndogo ya sabuni ya unga na maji katika chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, ifunge pembeni. Kiweke karibu na choo, si barazani kwa ajili ya wageni.

Kuhusu nyungu sitasema mengi. Mvuke hauui kirusi kilichokwishaingia mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka haifai kabisa kwa mtoto.

Limebaki moja linaloua ndoo nyingi kuliko koki mbovu, nalo ni nani wa kuijaza. Wakati wa Corona kila mtu aliogopa, kwa hiyo kila mtu aliijaza. Hofu ilipoondoka, kila mpangaji akamtegea mwenzake. Katika nyumba zenye zamu ya kuosha choo, ongezeni ndoo katika zamu hiyohiyo: anayeosha choo leo ndiye anayejaza maji na kuangalia sabuni. Mwenye nyumba naye achangie dumu moja kwa siku. Sisi nyumbani tumempa kazi hiyo kijana wa darasa la tano, kabla hajaenda madrasa. Mkaa tumeuhamishia kwenye kiroba.