MAIKROFONI IPI IBAKI, IPI IBADILISHWE?

Siku hizi katika wilaya yetu ya Kondoa, kama ilivyo mahali pengi Tanzania, vijana wamefungua studio ndogo majumbani mwao. Chumba kimoja, kompyuta moja, maikrofoni tatu au nne, na kazi huanza: kwaya, kaswida, bongo fleva, hata matangazo ya duka. Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, bendi iliyotaka kusikika nchini ilipaswa kufika Dar es Salaam, kwenye studio ya Radio Tanzania, na kupiga mbele ya maikrofoni za Serikali. Studio za watu binafsi zilienea hasa kuanzia miaka ya 1990.

Pamoja na neema hiyo limekuja swali ambalo wanafunzi wetu waliomaliza shule huliuliza mara kwa mara. Mwenye studio akishapata maikrofoni kadhaa huanza kuitamani nyingine ya bei kubwa, na kwa kuwa fedha ni chache hufikiri kuzitoa alizonazo ili apewe hiyo moja. Je, afanye hivyo? Nalileta jambo hili katika gazeti la shule kwa sababu hesabu yake ni Fizikia ile ile inayosomwa darasani, na kwa sababu fedha inayopotea katika biashara hiyo mara nyingi ni fedha ya mzazi aliyeuza mbuzi au magunia ya alizeti.

Kwanza yafaa tujue tunachokizungumzia. Maikrofoni zinazoonekana huku ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni dainamiki. Ndani yake mna kiwambo chembamba kilichoshikamana na waya uliosokotwa, na waya huo umekaa katikati ya sumaku. Sauti ikikitikisa kiwambo, waya nao hutikisika ndani ya sumaku, na umeme mdogo huzaliwa. Hii ndiyo kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Namna ya pili ni kondensa, iliyobuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Hii haina sumaku. Ina kiwambo chepesi sana kilichowekwa karibu na bamba, na chaji ya umeme kati yao. Kiwambo kikisogea, umeme hubadilika. Kondensa za studio huhitaji kupelekewa volti 48 kwa waya ule ule unaoleta sauti. Dainamiki haihitaji chochote.

Kiwambo cha kondensa, kwa kuwa hakibebi waya, ni chepesi na hufuata upesi mitetemo midogo na ya haraka. Kwa hiyo kondensa husikia vizuri sauti nyembamba za juu. Dainamiki iliyoenea kuliko zote, Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, kwa maelezo ya watengenezaji wake hufika mitetemo 15,000 kwa sekunde. Kondensa nyingi hufika 20,000, ambao ndio mwisho wa sikio la kijana mwenye afya.

Hapo ndipo watu wengi hufanya haraka na kusema: basi kondensa ni bora, na dainamiki ni ya jukwaani tu. Mwaka 1982 sauti ya Michael Jackson katika sahani ya Thriller ilirekodiwa kwa dainamiki, aina ya Shure SM7, ingawa studio ile haikukosa kondensa za bei mara nyingi zaidi. Fundi aliichagua kwa sababu ilimfaa mwimbaji yule. Maikrofoni ni kama jembe: huwezi kusema lipi bora mpaka umeambiwa udongo.

Na udongo wetu ni huu. Nyumba ya Busi ina paa la bati, kuta ngumu, na mara nyingi haina dari. Jogoo huwika saa yoyote. Mashine ya kusaga ikiwashwa, kijiji kizima kinajua. Kiangazi upepo hupiga bati, na masika yakifika, mvua juu ya paa humshinda mwimbaji yeyote. Watu husema kwamba kondensa “huvuta kelele za mbali” na dainamiki haivuti. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ule wanaoudhani, na mwanafunzi wa Fizikia asiyapokee hivi hivi.

Tupige hesabu. Mkandamizo wa sauti hupungua kadiri umbali unavyoongezeka: umbali ukizidi mara mbili, mkandamizo hubaki nusu, yaani hupungua desibeli 6. Mwimbaji aliyesimama sentimita 40 kutoka kwenye maikrofoni akisogea hadi sentimita 10, amekaribia mara 4. Kwa hiyo sauti yake hufika ikiwa kubwa mara 4, ambazo ni desibeli 12. Lakini mashine ya kusaga iko mita 200 pale pale ilipokuwa, na kelele yake haikuongezeka. Faida yote ya desibeli 12 imepatikana kwa hatua moja ya mguu, bila kutoa shilingi. Sasa weka kondensa na dainamiki zenye kusikia kwa upande mmoja, zote sentimita 10 kutoka kinywani. Uwiano wa sauti na kelele utakaribia kuwa sawa katika zote mbili. Tofauti huja kwa sababu watu wana desturi ya kusimama mbali na kondensa na kuilamba dainamiki, na kwa sababu kondensa husikia sana zile sauti za juu ambamo mlio wa bati umo.

Basi mwenye studio anayelalamika ya kuwa maikrofoni yake “ina mwangwi” ajaribu kwanza kutundika mablanketi na magodoro nyuma na pembeni mwa mwimbaji, asogee karibu, aigeuzie kompyuta mgongo wa maikrofoni, na afanye kazi usiku watu wamelala. Nimeona wengi ambao baada ya hayo hawakutaka kubadilisha kitu tena.

Lakini tuseme amefanya hayo yote na bado anataka kubadilisha. Tumchukulie kijana mwenye sanduku la maikrofoni kama ambavyo huonekana kwetu: SM58 mbili, SM57 moja, kondensa kubwa ya bei nafuu, kondensa ndogo mbili za jozi, na ile ya USB inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Ameambiwa Dodoma mjini ya kuwa akizitoa zote atapewa kondensa moja yenye jina. Afanye nini?

Azijaribu kwanza, na azijaribu kwa haki. Achague mtu mmoja aimbe au asome habari ile ile, umbali ule ule, mahali pale pale, usiku mmoja. Akishamaliza, asawazishe ukubwa wa sauti za kila rekodi. Jambo hili ni la lazima, maana sikio la binadamu hudanganyika: ile iliyozidi hata kidogo kwa ukubwa huonekana kuwa nzuri zaidi, na wafanyabiashara wanalijua hilo. Kisha ampe mwingine azichezeshe kwa namba bila kutaja majina, naye asikilize kesho yake amepumzika, aandike kwenye karatasi. Aite na mtu asiyejua habari za maikrofoni kabisa, mama yake kwa mfano, amwulize ni rekodi gani inayofanana zaidi na mtu anayemjua. Jibu la mama lina uzito mkubwa, kwa kuwa hakununua chochote.

Tuanze na ile ya USB. Hii naona iende bila majonzi. Imefungwa na kompyuta yake. Huwezi kwa urahisi kuiunganisha na nyingine kurekodi watu wawili pamoja, wala kuipeleka kwenye kipaza sauti cha mkutano. Tena yuko mwanafunzi au mwalimu anayeihitaji kwa masomo ya mtandaoni, na atailipia vizuri.

SM57 ilitoka mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya SM58, na ndani yake zina kiungo cha namna moja. Kilichozitenga hasa ni kile kichwa cha wavu. Kwa hiyo mwenye SM58 mbili na SM57 moja ana karibu maikrofoni tatu za aina moja. Ikiwa lazima moja iende, iende SM58 moja. Lakini sipendi asikie hivyo akakimbilia kuuza, kwani bei atakayopewa ni ndogo, na siku ya harusi au mkutano wa hadhara atakuja kuombwa maikrofoni na watu asioweza kuwanyima. Atatoa ipi? Maikrofoni ya kuazimisha hurudi na kichwa kilichobonyea, na heri kibonyee cha SM58, ambacho hufunguliwa na kupachikwa kingine, kuliko kondensa ambayo ikianguka mara moja yaweza kuwa mwisho wake.

Zile kondensa ndogo za jozi asizitenganishe kwa bei yoyote. Mbili zikiwa sawa hunasa kwaya au ngoma kama masikio mawili: huyu kulia, huyu kushoto. Moja ikiuzwa, iliyobaki imepoteza zaidi ya nusu ya kazi yake. Mtu akitaka kusikia jinsi mambo ya mkoa wetu yanavyostahili maikrofoni nzuri, atafute kazi za Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Sahani yake Chibite ilitolewa na Real World Uingereza mwaka 1996. Ilimba na zeze vina milio midogo ya juu, ule uvumi mwembamba unaofuata kila pigo, na hapo dainamiki huishiwa pumzi.

Vivyo hivyo kwa lugha. Jirani zetu Wasandawe wa wilaya ya Chemba wana vidoko katika maneno yao, sauti za ulimi zinazolipuka na kutoweka kwa kufumba na kufumbua. Anayetaka kuweka hadithi za mzee wa Kisandawe, au za bibi yake wa Kirangi, atumie kondensa, katika chumba kilichotulia. Neno kama hilo likinaswa vibaya, mzee akishaondoka hakuna wa kulirudia. Hii ndiyo sababu kubwa ninayomwambia kijana asiuze upesi. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, alikuwa akiishika maikrofoni yake mkononi na kumfuata mpigaji. Kanda zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, na wajukuu wa wale walioimba wanaweza kuzisikia. Hakuwa na maikrofoni tunazozitamani leo.

Imebaki kondensa kubwa ya bei nafuu. Hiyo, kwa kweli, ihukumiwe na karatasi za wasikilizaji. Nyingi za namna hiyo huzipaka sana sauti za juu, hata maneno yenye s na sh hukata sikio kama wembe. Ikiwa ndivyo ilivyo, itolewe pamoja na ile ya USB, na aongeze fedha kidogo kupata iliyo tulivu. Ikiwa mama amesema “huyu ndiye mwanangu”, ibaki.

Tena kabla ya kubadilishana, atazame vizuri anachopewa. SM58 za bandia zimejaa masokoni, na jina limeandikwa vizuri kabisa. Ya kweli, bila waya, ina uzito wa gramu 298. Mizani ya dukani inatosha kuanzia, na iliyo nyepesi sana iachwe pale pale. Kondensa isipokelewe kabla ya kuiwasha kwa volti 48 na kuisikiliza katika ukimya kwa dakika kadhaa. Iliyoingiwa na unyevu hutoa milio kama mafuta yanayokaanga. Na akipewa SM7B, ile dada yake iliyo maarufu sasa, aulize kwanza kama kifaa chake cha kukuzia sauti kina nguvu ya desibeli 60 hivi bila mvumo, kwa maana maikrofoni hiyo hutoa sauti ndogo sana. Vifaa vingi vya bei nafuu hapo huanza kuvuma, na mwenye navyo hurudi dukani kununua kitu cha pili ambacho hakukipangia.

Na siku ya kwenda Dodoma, ikiwa kuna kazi ambayo haijakwisha, kama hadithi ya mzee iliyofika nusu, maikrofoni iliyoianza isitoke nyumbani mpaka hadithi iishe. Sauti ikibadilika katikati, msikilizaji atadhani ni mzee mwingine.