Steep Inafaa Kibanda cha Gemu?

*Nina kibanda cha gemu Kondele, Kisumu. Vijana wanaulizia Steep, ile ya kuteleza kwenye theluji. Nikiinunua, nitapata hasara? – Mama P.*

Mama P., wasiwasi wako una msingi. Gemu yenyewe ni tamu: unashuka milima ya Alps popote upendapo, na ukitua vibaya unabingirika vibaya sana. Nyongeza yake ya 2017 inakufikisha Pyeongchang, Korea Kusini, ambako mtelezaji Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi 2018.

Lakini wateja wako hucheza wawili wawili kwenye skrini moja, na Steep hairuhusu hilo. Tena haichezeki bila intaneti, hata ukiwa peke yako. Bando likiisha, mteja anadai pesa zake. Pima mtandao wako jioni, vijana wakijaa. Ukikatikakatika, mwite fundi wa waifai kabla ya kununua chochote.